Kabla Ndege Haijaruka

Huenda siku moja ulikuwa shambani, jembe mkononi, ukasikia mngurumo wa mbali. Ukainua macho. Juu sana ukaona ndege, ndogo kama punje ya mpunga, ikiacha mstari mweupe nyuma yake. Baada ya dakika chache ikapotea, nawe ukaendelea kulima.

Ndege ile si ndogo. Pengine ndani yake wamo watu zaidi ya 200. Wengine wanakula, wengine wamelala, wengine wanabembeleza watoto. Chini yao kuna hewa tupu, kiasi cha kilometa 10 au 11.

Sasa fikiria basi. Basi likiharibika njiani, dereva huliegesha kando. Abiria hushuka na kukaa chini ya mti. Utingo huenda kutafuta fundi. Ni usumbufu, lakini watu wamekanyaga ardhi. Je, ndege ikiharibika juu ya bahari, itaegeshwa wapi? Angani hakuna kando ya barabara.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya usalama hufanywa chini, kabla ndege haijaondoka. Katika somo hili tutajifunza jinsi ndege kubwa za abiria zinavyokaguliwa. Tutaona pia jambo linalotuhusu sisi wanakisomo: ukaguzi huo hauwezekani bila kusoma, kuandika na kuhesabu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Ukaguzi: kazi ya kuangalia kitu kwa makini ili kujua kama ni kizima.
Orodha: maandishi ya mambo yaliyopangwa moja baada ya jingine.
Saini: jina au alama ambayo mtu huandika kwa mkono wake kuonyesha kwamba amekubali.
Ratili: kipimo cha uzito cha zamani. Kilo 1 ni sawa na ratili 2.2 hivi.

1. SAFARI NDEFU YA ANGANI

Ndege kubwa ya abiria huenda kwa mwendo wa kilometa 900 hivi kwa saa. Mwezi wa Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York, Marekani. Safari hiyo huchukua saa 14 au 15 hivi. Ndege haitui popote katikati. Huvuka bara la Afrika, kisha huvuka Bahari ya Atlantiki.

Ndege zilizotumika katika safari hizo ni za aina ya Boeing 787. Tanzania nayo ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina hiyo mwezi wa Julai 2018. Ndege ya Boeing 787-8 ikijaa watu, mizigo na mafuta, inaweza kuwa na uzito wa tani 228 hivi wakati wa kuruka. Huo ni sawa na uzito wa magunia 2,280 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 100. Uzito wote huo hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na husukumwa na injini 2 tu.

Huko juu baridi ni kali kupita barafu. Hewa ya kupumua haitoshi. Watu huishi ndani ya ndege kwa sababu mitambo huwaletea hewa na joto.

Usiogope, ndugu msomaji. Ndege hizi zimetengenezwa ili injini 1 ikizimika, injini ya pili iweze kuifikisha ndege kwenye kiwanja kingine. Njia ya safari nayo hupangwa hivyo, ili ndege isiende mbali mno na viwanja vya kutua. Lakini mpango huo utafaa tu kama kila kitu kilikuwa kizima wakati wa kuondoka. Hapo ndipo kazi ya ukaguzi inapoanza.

2. UKAGUZI MKUBWA NA UKAGUZI WA KILA SAFARI

Mfugaji mzuri hangoji ng'ombe waugue ndipo awapeleke joshoni. Huwapeleka kwa siku zilizopangwa, hata kama wanaonekana wazima. Ndege nayo hutunzwa hivyo.

Kuna ukaguzi unaofanywa baada ya ndege kuruka kwa saa mia kadhaa. Kuna mwingine mkubwa zaidi, unaofanywa kila baada ya mwaka mmoja au miwili hivi. Tena kuna ule mkubwa kabisa, unaofanywa baada ya miaka mingi. Katika ukaguzi huo ndege huingizwa katika karakana na kukaa humo kwa wiki nyingi. Viti hung'olewa, sakafu hufunuliwa, na mafundi hutafuta kutu na nyufa, hata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho.

Lakini hata kama ndege ilitoka karakana jana, leo itakaguliwa tena. Huu ndio ukaguzi wa kabla ya kuondoka. Hufanywa kabla ya kila safari, mchana au usiku, jua au mvua. Hebu tuufuate hatua kwa hatua.

3. FUNDI NA KITABU CHA NDEGE

Kila ndege ya abiria ina kitabu chake cha kumbukumbu. Siku hizi mashirika mengine hutumia kompyuta ndogo badala ya karatasi, lakini kazi ni ile ile.

Rubani aliyefika na ndege huandika humo ubovu wowote aliouona. Tuseme ameandika hivi: "Taa ya bawa la kushoto haiwaki." Fundi husoma maneno hayo. Huenda kwenye bawa, hutafuta sababu, huitengeneza. Kisha hurudi kwenye kitabu na kuandika: "Taa imebadilishwa. Imejaribiwa. Inawaka." Chini yake huweka saini.

Rubani wa safari inayofuata hukisoma kitabu hicho kabla ya kuondoka. Akikuta ubovu umeandikwa lakini hakuna jibu wala saini ya fundi, ndege haiondoki.

Saini hiyo ni ahadi. Fundi anasema: "Mimi nimeitazama kwa macho yangu, nami nitajibu nikiulizwa." Ndiyo sababu si kila mtu anaruhusiwa kuiweka. Fundi lazima awe amesoma, amefanya mitihani, na amepewa leseni au kibali cha kazi hiyo.

Je, ndege yaweza kuondoka kukiwa na kitu kibovu? Yaweza, kama kitu chenyewe kimeruhusiwa kwa maandishi. Kuna orodha maalum inayoeleza ni vitu gani vinaweza kungoja kutengenezwa, na kwa siku ngapi. Taa ya kusomea ya abiria mmoja inaweza kungoja. Kitu kinachohitajika kwa usalama wa safari hakingoji. Anayeamua si abiria mwenye haraka, wala si mkubwa aliyekasirika. Orodha husomwa, na neno lake hufuatwa.

4. RUBANI HUZUNGUKA NDEGE KWA MIGUU

Ukiwa umekaa kiwanjani ukingoja safari, tazama dirishani. Utaona mtu amevaa koti la rangi kali, akitembea polepole kuizunguka ndege. Mara nyingi ana tochi. Huinama, huchungulia, huinua kichwa. Huyo ni mmoja wa marubani. Hutembea kwa mpango ule ule kila mara, akianzia mbele na kurudi pale pale alipoanza. Anatazama mambo kama haya:

(a) Magurudumu. Je, matairi yamechanika au yamelika? Matairi ya ndege hujazwa gesi ya naitrojeni. Hubeba uzito mkubwa sana na hugusa ardhi kwa kasi kubwa wakati wa kutua.

(b) Breki. Je, zimelika kupita kiasi?

(c) Injini. Je, mapanga yake yamepinda au yamepasuka? Je, kuna ndege wa porini aliyeingia?

(d) Mabawa na mkia. Je, kuna mahali palipobonyea? Je, kuna mafuta yanayovuja?

(e) Milango ya mizigo. Je, imefungwa barabara?

(f) Mirija na vitundu vidogo ubavuni mwa ndege. Je, viko wazi?

Hili la mwisho laweza kuonekana dogo. Lakini kwa njia ya mirija na vitundu hivyo, vyombo vya ndege hupima hewa ya nje. Humwambia rubani ndege iko juu kiasi gani na inakwenda mwendo gani. Usiku, juu ya bahari, rubani haoni chochote nje. Hutegemea vyombo hivyo.

Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege aina ya Boeing 757 iliondoka Lima, nchini Peru, usiku, kwenda Santiago, nchini Chile. Kabla ya safari, wakati ndege ikisafishwa, vitundu vile vilizibwa kwa utepe wa gundi ili maji yasiingie. Kazi ilipokwisha, utepe haukubanduliwa. Waliokagua hawakuuona. Rubani alipozunguka, naye hakuuona. Ndege ilipopanda, vyombo vikaanza kusema uongo. Marubani hawakuweza kujua wako juu kiasi gani. Ndege ikaanguka baharini. Watu wote 70 waliokuwamo walikufa.

Ndugu msomaji, kipande cha utepe hakina uzito hata wa kuhesabika. Ndiyo maana rubani huinama na kuchungulia, hata kama jana alichungulia pale pale na kukuta ni salama.

5. MAFUTA

Mafuta ya ndege kubwa ni ya jamii moja na mafuta ya taa tunayoyajua. Kabla ya safari ndefu, marubani hupewa hesabu ya mafuta iliyoandikwa. Hesabu hiyo ina mafungu:

- mafuta ya kutembea kiwanjani kabla ya kuruka;
- mafuta ya safari yenyewe;
- mafuta ya nyongeza, kama upepo utakuwa mkali kuliko ilivyodhaniwa;
- mafuta ya kwenda kiwanja kingine, kama kile cha kwanza kimefungwa;
- akiba ya mwisho, ya kuruka dakika 30 zaidi.

Tena mafuta hukaguliwa yasiwe na maji. Chukua chupa ya kioo, tia mafuta ya taa na maji kidogo. Ingoje itulie. Utaona maji yamekaa chini na mafuta yamekaa juu. Ndani ya tangi la ndege ni vivyo hivyo. Huko juu maji yanaweza kuganda yakawa barafu na kuziba njia ya mafuta. Kwa hiyo maji hutolewa chini ya tangi.

Mafuta hupimwa kwa kilo, kwa kuwa ndege hujali uzito. Abiria, mizigo na mafuta hujumlishwa pamoja. Tena hupangwa vizuri, ili ndege isielemee mbele wala nyuma. Ukiwa umebeba maji kwa mzega unajua jambo hili: ndoo moja ikizidi, mwendo huharibika.

6. ORODHA INAYOSOMWA KWA SAUTI

Sasa marubani wameketi katika chumba chao. Mbele yao kuna vyombo na swichi nyingi sana. Je, wanakumbuka zote kwa kichwa? Wanazijua, lakini hawategemei kumbukumbu peke yake. Rubani mmoja huchukua orodha na kusoma kwa sauti. Mwenzake hutazama na kujibu. Kila jambo lina jibu lake. Jibu likiwa si lile, husimama hapo mpaka kasoro irekebishwe.

Mtindo huu una historia. Tarehe 30 Oktoba 1935, karibu na mji wa Dayton, Marekani, ndege mpya yenye injini 4 ilikuwa inajaribiwa. Rubani alikuwa Meja Ployer Hill, mtu hodari na mzoefu. Ndege ilipanda, ikasita, ikaanguka na kuwaka moto. Hill alikufa, na rubani mwingine, Leslie Tower, naye akafa.

Wachunguzi waliona kwamba ndege haikuwa mbovu. Ndege ile ilikuwa na kufuli la kuzuia sehemu za mkia zisipigwe na upepo inapokuwa imeegeshwa. Kabla ya kuruka, kufuli hilo lilitakiwa kufunguliwa. Lilisahauliwa.

Watu wengine walisema ndege hiyo ni ngumu mno kwa mwanadamu kuiendesha. Lakini marubani wenzake walipata njia nyingine. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kufanya kabla ya kuruka, wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Kuanzia hapo, rubani alisoma orodha kwanza. Ndege za aina ile zilitengenezwa zaidi ya 12,000 baadaye. Leo orodha ya namna hiyo imo katika kila ndege ya abiria.

Angalia vizuri: orodha haikuandikwa kwa ajili ya wajinga. Iliandikwa kwa sababu hata hodari husahau.

7. NDEGE ILIYOISHIWA MAFUTA ANGANI

Sasa tusome kisa kingine. Kisa hiki kinahusu hesabu, nacho kitatufundisha kwamba kukagua peke yake hakutoshi.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya shirika la Air Canada ilikuwa inasafiri kutoka Montreal kwenda Edmonton, nchini Kanada, kupitia Ottawa. Ilikuwa Boeing 767, ndege mpya. Ndani yake walikuwamo watu 69.

Siku hiyo geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi. Kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa vijiti maalum vilivyomo chini ya matangi. Vijiti vilionyesha kwamba kuna lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300.

Wakati ule Kanada ilikuwa inabadilisha vipimo. Watu walikuwa wanaacha ratili na kuanza kutumia kilo. Ndege nyingine za shirika lile zilitumia ratili. Hii mpya ilitumia kilo.

Lita 1 ya mafuta yale ilikuwa na uzito wa kilo 0.8 hivi. Ukipima kwa ratili, lita hiyo hiyo ilikuwa na ratili 1.77. Wafanyakazi walitaka kupata kilo, lakini walizidisha kwa 1.77. Hii ndiyo hesabu yao:

7,682 × 1.77 = 13,597
22,300 – 13,597 = 8,703
8,703 ÷ 1.77 = 4,917

Wakaongeza lita 4,917. Hesabu yenyewe, ukiikagua, haina kosa la kuzidisha wala la kutoa wala la kugawanya. Kosa ni moja tu: ile 13,597 ilikuwa ratili, nao waliiita kilo. Kwa kweli ndege ilihitaji kuongezewa lita 20,000 hivi.

Walipofika Ottawa, mafuta yalipimwa tena kwa vijiti. Vijiti vikasema kweli, kama mara ya kwanza. Lakini lita zikageuzwa kwa njia ile ile yenye kosa. Kwa hiyo ukaguzi wa pili ukakubaliana na wa kwanza, na wote wawili ulikuwa na kosa. Kompyuta ya ndege nayo ilionyesha kwamba mafuta yanatosha, kwa sababu ndivyo ilivyoambiwa.

Ndege ikaondoka ikiwa na mafuta pungufu ya nusu. Ilipokuwa juu kiasi cha kilometa 12, kengele za hatari zikalia. Injini moja ikazimika. Kisha ya pili ikazimika. Vyombo vingi vikawa giza. Feni ndogo inayozungushwa na upepo ikajitokeza chini ya ndege, ikatoa nguvu kidogo ya kuiongoza.

Rubani mkuu, Robert Pearson, alikuwa na ujuzi wa kurusha ndege ndogo zisizo na injini. Aliiachia ndege iteleze hewani, kama mwewe anavyoteleza bila kupiga mabawa. Rubani msaidizi, Maurice Quintal, alipiga hesabu ya umbali. Waliona hawataweza kufika mji wa Winnipeg. Quintal alikumbuka kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, ambako aliwahi kufanya kazi. Wakageukia huko.

Hawakujua kwamba siku ile kiwanja hicho kilikuwa kinatumika kwa mashindano ya magari. Watu na watoto walikuwapo. Ndege ilifika kimya, bila mngurumo, ikagusa ardhi, gurudumu la mbele likakunjika, ikasota kwa pua mpaka ikasimama. Watu wote 69 walipona. Wachache waliumia kidogo wakati wa kushuka.

Walipona kwa ustadi wa marubani na kwa bahati. Kama ndege ingekuwa katikati ya bahari, ustadi huo usingepata kiwanja. Basi tushike somo hili: kukagua mara 2 kwa kipimo chenye kosa ni sawa na kutokagua. Kila unapoandika namba, andika na jina la kipimo chake. Kisha uliza: kilo au ratili?

8. WAHUDUMU NA ABIRIA

Wahudumu wa ndege nao wana orodha yao. Kabla abiria hawajaingia, hukagua vizima moto, taa za dharura, milango, na makoti ya kuokolea maisha yaliyo chini ya viti. Milango ikifungwa, kila mhudumu hukagua mlango wake, na mara nyingi mwenzake huthibitisha.

Siku ukisafiri kwa ndege, wewe pia una kazi:

- Sikiliza maelezo ya mhudumu, hata kama jirani yako amelala.
- Hesabu safu za viti kutoka kwako mpaka mlango wa dharura ulio karibu. Moshi ukijaa hutaona, lakini utaweza kuhesabu kwa mkono.
- Hewa ikipungua, vifuniko vya kupumulia hushuka toka juu. Vaa chako kwanza, kisha mvalishe mtoto. Ukizimia wewe, mtoto hana wa kumsaidia.
- Usifiche petroli, mafuta ya taa, mtungi wa gesi wala fataki ndani ya mzigo.
- Safari ikicheleweshwa kwa sababu ya ubovu, vumilia. Fundi aliyekataa kutia saini amekufanyia wema.

9. NA SISI JE?

Huenda utasema: "Mimi sina ndege. Nina shamba, mbuzi na baiskeli." Kweli. Lakini mambo tuliyosoma yanaingia nyumbani kwetu pia.

Mtoto anaumwa, na zahanati imetoa dawa ya maji. Karatasi inasema kijiko 1. Kijiko kipi? Kijiko cha chai hubeba mililita 5 hivi. Kijiko cha mezani hubeba mililita 15 hivi. Ukikosea kijiko, umempa mtoto dawa mara 3. Hilo ni kosa la ratili na kilo, nalo limetokea jikoni kwako. Soma. Kama huelewi, rudi ukamwulize mhudumu wa zahanati.

Unauza korosho, pamba au kahawa. Soma mizani wewe mwenyewe. Andika kilo katika daftari lako kabla hujapokea fedha. Daftari hilo ni kitabu chako cha ndege.

Unavuka ziwa au unakwenda visiwani kwa mashua. Kabla ya kuondoka, nahodha na atazame: mashua inavuja? Mafuta yanatosha kwenda na kurudi? Makoti ya kuokolea yanatosha watu wote? Mambo haya yaandikwe kwenye kibao na kusomwa kila safari. Nahodha wa miaka 30 naye asome, kwa sababu yule rubani wa Dayton naye alikuwa mzoefu.

Siku nyingine ukiwa shambani ukasikia mngurumo, inua macho tena. Sasa unajua kwamba kabla ya kufika juu pale, mtu alisoma kitabu, mtu aliinama na tochi, mtu alipiga hesabu, na mtu alitia saini. Kazi hiyo ilianza kwa kujua a, e, i, o, u, kama wewe ulivyoanza.

MASWALI

1. Kwa nini sehemu kubwa ya kazi ya usalama wa ndege hufanywa chini?
2. Fundi huandika nini baada ya kutengeneza ubovu? Saini yake ina maana gani?
3. Taja mambo 4 ambayo rubani hutazama anapoizunguka ndege.
4. Nini kilisahauliwa kwenye ndege ya Peru mwaka 1996? Kilileta madhara gani?
5. Orodha ya marubani ilianza baada ya ajali gani?
6. Kwa nini ukaguzi wa pili kule Ottawa haukugundua kosa?

HESABU

7. Lita 1 ya mafuta ya ndege ina kilo 0.8. Lita 1,000 zina kilo ngapi?
8. Kilo 1 ni sawa na ratili 2.2. Kilo 50 ni sawa na ratili ngapi?

KAZI YA KUFANYA

9. Chagua chombo kimoja unachokitumia: baiskeli, pampu ya kunyunyizia dawa, mashine ya kusaga au mashua. Andika orodha ya mambo 5 ya kukagua kabla ya kukitumia. Isome kwa sauti mbele ya darasa, na mwenzako ajibu. Kisha ibandike mahali chombo hicho kinapokaa.